Simu Iliyomtaka Shangazi Amlete Mzazi

Shangazi yangu alikuwa na miaka arobaini na minne, meno yote, cherehani mbili na watoto watatu, siku simu yake ilipomwambia akamwombe mzazi ruhusa.

Nilikuwepo. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, sebuleni kwake, ingawa ile ilikuwa sebule kwa jina tu. Viti vya wageni vilijaa sare za shule, na aliyetaka kukaa ilibidi kwanza ahamishe mikono ya mashati. Mimi ni binti wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba chake cha uani, kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa. Mteja mmoja, mama mnene anayepika kwenye hosteli ya wanafunzi, alikuwa amesimama katikati ya chumba mikono juu kama mtu aliyetekwa, futi ya kupimia imemzunguka kifua. Shangazi alikuwa akimtafutia kwenye simu mshono wa gauni la harusi ya mdogo wake. Mara skrini ikafifia. Akatokea sungura amevaa miwani, na chini ya sungura maneno: "Muda wako wa leo umekwisha! Mwombe mzazi ruhusa."

Shangazi akayasoma kwa sauti. Akayarudia, polepole zaidi.

"Mzazi yupi?" akaiuliza simu. "Mama nimemzika, mwaka wa kumi na moja huu. Baba hata sura naanza kuisahau."

"Labda inamaanisha Mungu," akasema mpishi, mikono ingali juu.

Chini ya sungura palikuwa na kitufe kimeandikwa "Omba muda zaidi". Shangazi hakuwa mtu wa kuogopa kitufe. Akabonyeza. Tukasubiri. Baada ya dakika mbili simu ikalia kama kengele ya baiskeli, sungura akaruka juu kwa furaha, na maneno mapya yakaja: "Mzazi wako amekuongezea dakika kumi na tano." Pembeni, ndani ya kiduara, palikuwa na picha ya mzazi mwenyewe, kofia ya kazini kichwani, amenuna kama kawaida yake. Alikuwa mume wake.

Shangazi akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Kumbe nimeolewa na baba yangu," akasema. Kisha akamshusha mpishi mikono na kumwambia aje kesho.

Mume wa Shangazi sote tulimwita Mkaguzi, hata watoto wake. Alikuwa mkaguzi wa mizani serikalini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na begi la mawe ya shaba yaliyofungwa kwenye kitambaa laini, kuona kama kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Alikuwa mwaminifu, rushwa hakugusa, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemsema vibaya. Tatizo ni kwamba akirudi nyumbani begi aliliweka chini lakini ukaguzi aliendelea nao. Aliujua urefu wa kila kipande cha sabuni bafuni. Ukikohoa mezani alitaka kujua ni mara ya ngapi tangu asubuhi. Tulipokwenda kumzika jirani, watu wanalia, yeye aliniinamia akaninong'oneza kuwa shimo limepungua sentimita sita.

Ile simu alimpa Shangazi siku walipotimiza miaka ishirini ya ndoa. Aliikabidhi mbele ya watu, ndani ya boksi lake, na juu ya boksi aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi: "Kwa mke wangu mpendwa, iwe yako daima." Watu walipiga makofi. Shangazi alilia kidogo, jambo ambalo baadaye alilikana. Tulijua kuwa Mkaguzi alikaa na simu hiyo siku mbili kabla ya kuitoa, "akiiandaa", lakini tulidhani anaijaza chaji.

Sasa alipoingia saa kumi na moja jioni, Shangazi alikuwa anamngoja mlangoni na simu mkononi.

"Umeniandikisha mtoto?"

Mkaguzi akavua viatu, akavipanga sambamba. "Ni usalama. Mtandaoni kuna matapeli wengi."

"Umeandika nina miaka mingapi?"

Akakohoa.

"Baba Nanii, nakuuliza. Miaka mingapi?"

"Tisa."

Mimi niliyekuwa jikoni nikaangusha mwiko.

"Tisa!" Shangazi akasema. "Angalau ungeniacha nivunje ungo."

"Nilianza na kumi na tano," Mkaguzi akajitetea, na naapa alikuwa anasema kweli tupu, kwa sababu kusema uongo hakuwezi. "Simu ikasema mtoto wa umri huo anaweza kujiondoa mwenyewe. Nikashuka. Kumi na tatu, hivyo hivyo. Ndiyo nikaenda tisa."

Kidogo kidogo yote yakatoka. Simu ilikuwa inampa ripoti kila Jumapili, imechorwa maputo. Alijua mkewe ameongea na nani na kwa dakika ngapi. Alijua ameenda wapi. Ndipo Shangazi akaelewa kwa nini mwezi uliopita aliulizwa, hivi hivi tu, mtu anaendaje duka la vifungo mara mbili wiki moja. Akaelewa pia kwa nini picha za magauni zilikuwa hazifunguki: simu ilikuwa inaona mabega wazi, inashtuka, na kumletea wimbo wa kuhesabu moja mpaka kumi.

"Itoe," akasema Shangazi.

"Nitaipunguza," akasema Mkaguzi. "Nikupe saa nne kwa siku."

Shangazi hakujibu. Waliomfahamu walijua hiyo ndiyo hatari. Tangu msichana, kifaa kikimgomea hakuita mtu. Alikigeuza kifudifudi akakitafutia skrubu. Cherehani zake zote mbili alizinunua zikiwa mbovu, na pasi ya nyumba ile ilikuwa na waya wa redio na mpini wa sufuria.

Kwanza alijaribu njia halali. Tulikwenda wote wawili kwenye duka la kampuni ya simu, lile lenye viyoyozi na viti vya plastiki vyekundu. Kijana wa kaunta, kitambulisho shingoni, alimsikiliza kwa adabu sana.

"Mama, ili tubadilishe umri wa mtoto, mzazi lazima aidhinishe."

"Mtoto ni mimi."

"Ndiyo, mama. Sasa mzazi wako angekuja..."

Shangazi akatoa kitambulisho cha taifa, akakiweka juu ya kaunta. Akatoa cheti cha kuzaliwa. Akatoa cheti cha ndoa. Mwisho akatoa picha ya binti yake wa kwanza akiwa na joho la chuo.

"Huyu ana miaka kumi na tisa," akasema. "Nimemzaa mimi. Nilimzaa miaka kumi kabla sijazaliwa?"

Kijana akaiangalia ile picha kwa uangalifu, kama kwamba jibu lingekuwa ndani yake. Akachapa, akasubiri, akachapa tena. "Mfumo haukubali," akasema, na akaonekana ana huzuni ya kweli. Akatushauri tuandike barua pepe makao makuu. Tuliandika siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja baada ya juma moja, na lilianza na maneno "Hujambo rafiki yetu mdogo!"

Hapo ndipo Shangazi alipoelekea kwa Betri.

Betri alikuwa fundi simu kwenye ule mstari wa vibanda nyuma ya stendi, kati ya kinyozi na muuza ndoo. Aliitwa Betri kwa sababu akianza kuongea haishiwi chaji. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, meza iliyojaa vifuniko vya simu za marehemu, kompyuta isiyo na baadhi ya herufi, na pazia lililoraruka lililokuwa linamfunika fundi nusu tu. Aliigeuza simu ya Shangazi, akaiwasha, akamwona sungura.

"Mama, hii ya mtoto. Mwambie aje na mzazi wake."

"Mtoto ni mimi," akasema Shangazi, kwa mara ya pili mwezi huo, na safari hii akaeleza yote.

Betri alicheka mpaka ikabidi aweke chini kifaa chake cha kuchomelea. Kinyozi akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akarudi kumwambia mteja wake, na mteja akatoka na povu nusu uso kuja kumwona mtoto wa miaka tisa. Shangazi akasimama pale amenyooka, akawangoja wamalize.

"Mmemaliza? Haya. Inatokaje?"

Betri akafuta machozi akawa fundi. Kuifuta simu yote ni rahisi, akasema, ila hii ikiamka inamuuliza baba yake. "Imefungwa kwenye akaunti. Ukiifuta mara mia, mara ya mia na moja inakwambia mlete mzee. Dawa yake ni kuibadilisha roho. Unatoa mfumo wote waliouweka wenyewe, unaweka mwingine, huru. Kazi ndefu. Na kabla sijaigusa nataka ushahidi kuwa ni yako. Simu isiyo na ushahidi siifungui, hata uniletee ya malaika."

Shangazi akatoa mkobani lile boksi. Betri akasoma maandishi: kwa mke wangu mpendwa, iwe yako daima. Akaangalia upande mwingine kidogo, nadhani kwa aibu ya kucheka.

"Niachie siku tatu."

"Sikuachii," akasema Shangazi. "Nifundishe."

Betri akaanza kusema kazi hii si ya kila mtu, inataka macho, inataka mkono usiotetemeka, na angeendelea hadi jioni kama Shangazi asingekamata lile pazia lililoraruka na kulikunja mbele ya uso wake. Alimwambia atamshonea jipya, zito, lenye mifuko midogo kila bisibisi na mfuko wake, na koti la kazi juu. Yeye mwenyewe anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Je, Betri anaweza?

Betri alijaribu palepale, kwa sindano ya Shangazi. Mara nne. Wakakubaliana Jumanne na Alhamisi.

Sasa kulikuwa na suala la ile simu yenyewe kusema aendako. Shangazi alilitatua bila fundi. Siku za masomo aliilaza kwenye droo ya zipu, akaifunika kipande cha kitambaa, akaniambia, "Mtoto amelala, msimwamshe," akaondoka. Ripoti ya Jumapili ikaja na maputo mengi kuliko siku zote: "Mtoto wako ametulia nyumbani wiki nzima. Mpongeze!" Na Mkaguzi, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, akampongeza. Alimletea nanasi.

Shangazi alilimenya, akanigawia nusu, tukalila huku tunajizuia.

Kwa miezi miwili alisoma. Alianza na simu zilizokufa za Betri, kwa sababu, alisema, maiti haisikii uchungu. Alijifunza kufuli ya mtandao, ile inayoikataza simu isikubali laini ya kampuni nyingine, akashangaa jinsi ilivyo nyepesi. Alijifunza kufungua kishikwambi kilichouzwa na shirika lililofilisika, kikabaki kinaonyesha nembo ya wenyewe na hakifanyi kingine. Usiku alikuwa anashona sare kufidia muda, na mimi nilimpigia mashati pasi. Nilimwona anabadilika. Mikono ilikuwa ileile, lakini alianza kuingia vyumbani kama mtu anayeangalia skrubu za chumba ziko wapi.

Siku aliyoamua ilikuwa Jumanne. Safari hii aliitoa simu kwenye droo akaenda nayo. Nilikuwa likizo, nikamfuata, ni kweli nilikwenda kutazama tu. Saa tano asubuhi aliiunganisha kwa kebo kwenye kompyuta ya Betri, akakaa kwenye stuli ya fundi, lenzi jichoni, na Betri amesimama nyuma yake kimya. Betri kuwa kimya ilikuwa habari kubwa kiasi kwamba kinyozi alisogea. Muuza ndoo naye akaja. Kwenye skrini nyeusi mstari wa kijani ulianza kutambaa. Asilimia kumi. Thelathini. Hamsini.

Wakati huo Mkaguzi alikuwa soko la nafaka akipima mizani ya muuza maharage, simu yake ikamwambia kuwa kifaa cha mtoto hakipatikani na mara ya mwisho kimeonekana nyuma ya stendi. Alidhani mkewe ameporwa. Hilo nimelisema kwa sababu yeye mwenyewe hulisema kila mara, na ninaamini. Alikuja mbio na begi lake la mawe ya shaba, linagongana ndani kama vyombo vya ndoa, jasho limemlowesha kola. Akapasua watu, akamkuta mkewe amekaa kwenye stuli ya mwanaume mwingine ana lenzi jichoni.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakua," akasema Shangazi, bila kugeuka.

Watu waliguna kwa raha. Mkaguzi akaona kebo, akaona simu.

"Hiyo ni simu yangu."

Betri akachukua boksi kutoka rafuni, akalisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Kwa mke wangu mpendwa, iwe yako daima." Akaongeza, "Mwandiko mzuri sana, mzee. Wa nani?"

Huo ulikuwa utani wa kupitiliza. Uso wa Mkaguzi ulibadilika, akanyoosha mkono akashika kebo. Shangazi akageuka sasa. Asilimia sabini na moja.

"Ukichomoa, itakufa," akamwambia taratibu. "Sikutishi. Nakueleza. Iko katikati, haina roho ya zamani wala mpya. Niachie dakika sita, halafu tukagombane nyumbani kama watu."

Nilimwangalia Mkaguzi nikafikiri ataiachia. Mkono ulilegea kabisa. Lakini nyuma kule mtu mmoja akasema, "Mwongezee dakika kumi na tano, mzee!" na umati wote ukaangua kicheko, na Mkaguzi akachomoa.

Skrini ikazimika. Kicheko kikakatika palepale. Shangazi akabonyeza kitufe cha kuwashia, akabonyeza tena, akakishikilia. Hakuna. Hata mtetemo.

"Imekata roho," akasema muuza ndoo.

Mkaguzi alibaki ameshika ncha ya kebo kama mtu aliyeshika mkia wa mnyama asiyemjua. "Si itawaka tu?" akauliza. Aliurudisha ule waya mezani kwa uangalifu, akaunyoosha, akaokota begi, akaondoka. Nilimwonea huruma kwa hatua kama tano, kisha nikaacha.

Betri alisema basi tena, simu iliyokatwa katikati haifufuki. Yeye mwenyewe alishazika tano za hivyo. Shangazi akamwomba ampishe tu kwenye meza. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na siku iliyofuata. Alifungua ile simu mpaka mifupa. Alisoma maelezo ya mafundi wa nchi ambazo hata lugha zao hatuzijui, kwa kutafsiri neno kwa neno, akijaza daftari la vipimo vya wateja, hivi kwamba ukurasa mmoja ulikuwa na kiuno cha mpishi upande wa juu na waya za kuamshia simu upande wa chini. Siku ya nne, Jumamosi saa sita mchana, aligusisha vidoti viwili vya shaba kwa sindano ya cherehani, kompyuta ikatoa mlio, na simu ikaonekana. Dakika ishirini baadaye iliwaka. Hakukuwa na sungura. Iliuliza lugha, kisha ikauliza mwaka wa kuzaliwa.

Shangazi akaandika mwaka wake. Akafikiri. Akaufuta, akajipunguzia miaka minne.

"Shangazi!" nikasema.

"Yeye kadanganya thelathini na mitano," akasema. "Mimi minne tu."

Betri alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamwangalia kama mtu aliyeona paka anaendesha gari. Hakusema neno mpaka tulipoondoka. Mara ya pili hiyo.

Nyumbani Shangazi hakupiga kelele wala hakufunga mizigo. Alihamishia kitanda chake sebuleni, kati ya sare. Mkaguzi akisema naye, alimsikiliza kidogo, kisha akamwambia kwa sauti ya upole ya yule sungura: "Muda wako wa leo umekwisha. Mwombe mzazi ruhusa." Hakuna kingine. Asubuhi, jioni, juma zima.

Na mzazi wa Mkaguzi alikuwepo. Mama yake, bibi wa miaka sabini na minane, alikaa mtaa wa pili, mdogo wa mwili, mdomo mkubwa. Baada ya siku nane Mkaguzi alikwenda kweli kumshtaki mkewe kwa mama. Jumapili bibi akaja kwa miguu, akakaa juu ya mashati bila kuyahamisha, akamtaka mwanawe arudie kila kitu mbele ya Shangazi na mbele yangu. Alirudia. Alipofika kwenye umri bibi akamkatiza.

"Ulimwandika mingapi?"

"Tisa, mama."

"Tisa!" Bibi akamgeukia Shangazi. "Na huyu mwenyewe alikuwa anajikojolea mpaka kumi na moja."

Nilitoka nje kidogo. Niliporudi bibi alikuwa amenyoosha kiganja, Mkaguzi anaweka simu yake pale kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Haya, mkwe wangu. Nasikia umesomea. Na yeye mwandike tisa. Mwekee na huyo sungura."

Shangazi aliishika ile simu. Angeweza, kwa dakika mbili. Akamrudishia mwenyewe.

"Hapana, mama. Nimeshalea watatu. Sitaki wa nne."

Kisha Mkaguzi, anaangalia sakafu, akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyepima makaburi kwa macho.

"Kila nikirudi nakuta mnacheka humu. Nikiingia tu, kicheko kinakatika. Miaka yote. Nilitaka kujua mnacheka nini."

"Ungeuliza," akasema Shangazi.

"Nauliza."

Shangazi akamtazama. Nadhani ilimgharimu kidogo. "Tulikuwa tunakucheka wewe."

"Kila siku?"

"Jumapili tunapumzika."

Bibi alikohoa kukohoa kusikokuwa na kikohozi. Mkaguzi hakucheka. Lakini pia hakuinuka kwenda chumbani kama desturi yake. Alihamisha mashati, akayahesabu, akakaa.

Shangazi alidai kitu kimoja: dirisha la sebule linaloangalia barabara livunjwe liwe kaunta. Likavunjwa. Kibao aliandika Mkaguzi mwenyewe, kwa mwandiko uleule, kila herufi ameipimia rula: HAPA TUNASHONA NGUO NA KUFUNGUA SIMU. Alikosa kidogo kwenye nafasi, ile U ya mwisho ikabidi iandikwe ndogo, na hilo linamuuma hadi leo. Kitanda cha Shangazi kilibaki sebuleni mwaka mzima na kitu. Kilirudi chumbani lini na kwa nini, hayo hatukuombwa kuandika.

Wateja walikuja. Betri alimletea kazi zilizomshinda, ingawa kwa watu wengine alisema anamsaidia mwanafunzi. Shangazi alifungua simu zilizofungiwa laini moja, printa ya shule yetu iliyokuwa inakataa wino wowote isipokuwa wa kwao, redio ya gari iliyomsahau mwenye gari. Bila ushahidi haigusi simu, na katika hilo ni mkali kuliko Betri. Siku moja alikuja mwanaume mwenye suti na simu ya kifuniko cha waridi, anataka ifunguliwe haraka, ni ya mke wake, ana haki.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza Shangazi.

"Nimesema ni mke wangu."

"Nimesikia. Nimeuliza yuko wapi."

Yule bwana akaanza kupandisha sauti. Mkaguzi alikuwa ndani, anakunywa chai. Akatoka na kikombe, akasimama karibu na kaunta, akamwangalia yule mwanaume kutoka kichwani hadi viatuni, kwa lile jicho la kukagua mizani.

"Ndugu yangu," akamwambia, "nenda nyumbani ukamuulize. Hii njia nyingine naijua. Wanakucheka stendi nzima."

Kazi iliyopo sasa ni mashine ya kudarizi. Ni ya fundi mwenzake, mashine kubwa, ya kisasa, iliyokataa kushona ua lolote ambalo halikununuliwa kwa kampuni iliyoitengeneza. Imebaki na ua moja la mfano, na kola za watu nusu mtaa zina ua hilohilo. Shangazi anayo wiki ya tatu na inamshinda, na kushindwa hakumkalii vizuri. Amekuwa mkorofi, chumvi anaisahau. Leo asubuhi nilipopita kwenda shule alikuwa amelala chali chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana, anaitukana kampuni hiyo ukoo mzima, kuanzia babu, na Mkaguzi amechuchumaa pembeni amemshikia tochi.

"Sogeza kushoto," sauti ikatoka chini ya mashine. "Kushoto kwangu, si kwako."

"Kiasi gani?" akauliza Mkaguzi.

"Sogeza tu, mwanaume! Usipime."